Mashine ya Kusagia Nyama na Ugomvi Wangu na Shomari

Jumamosi, Kilosa. Manyunyu tangu alfajiri, na moyo wangu hauko sawa.

Nina miaka sabini na tisa. Nimeishi kuliko injini za moshi. Nimeishi kuliko shamba la mkonge lililomleta baba yangu hapa kutoka Unyamwezini. Nimeishi kuliko mabwana stesheni wote walionipa amri, na mafuriko ya mto Mkondoa yalibeba nyumba yangu ya kwanza pamoja na kitanda, mimi nikabaki nimesimama juu ya tuta nayatazama.

Watu huniuliza siri ya kuishi hivi. Siri ni kwamba siamini. Sikiamini kitu mpaka nikishike, nikinuse, nikizungushe nione nyuma yake kuna nini. Walioamini upesi wengi nimewazika.

Naandika kwa kidole changu mwenyewe. Herufi nilizipata ngumbaro, wakati huo tayari nina mke na mtoto, na wenzangu waliokuwa wakisinzia darasani waliacha wote. Mimi sikuacha. Ukurasa huu wa mtandaoni alinifungulia binti yangu Hawa, ambaye yuko Mikumi anauza chakula kwa madereva wa malori. Aliniambia, "Baba, malalamiko yako yote yaandike humo, mama apumzike." Akadhani atasoma yeye peke yake. Sasa hivi nikipita sokoni kuna watu wananiuliza mbona wiki hii sijaandika.

Basi wiki hii naandika. Ni jambo la nyama.

Mke wangu, Mama Hawa, aling'olewa magego. Yalikuwa yameoza mpaka chini, daktari akatoa ya kulia na ya kushoto, akasema meno ya bandia yasubiri fizi zipone. Sasa mjue mke wangu ni mtu wa nyama. Katika ujana wake alikuwa akimaliza kula mfupa, mbwa anaondoka bila kuaga. Mtu wa namna hiyo amekaa muda huu wote anakunywa uji, mchuzi wa maharage na ndizi za kupondwa. Kanga aliyokuwa akiifunga mara moja sasa inamzunguka mara mbili. Hasemi kitu, lakini mimi nina macho.

Mtu atasema, si ununue nyama ya kusaga buchani?

Sinunui.

Nyama nzima ina uso. Ukiitazama unaijua, hii ya leo, hii ya juzi, hii ya ng'ombe aliyekufa mwenyewe akawahiwa na kisu. Ikishasagwa haina uso tena. Wanaweza kutia humo mabaki ya wiki nzima ukashukuru. Na sisi tunaokaa karibu na mbuga tuna hofu nyingine, ya mtu kulishwa mnyama asiye na mwenyewe. Sitaji mtu. Nasema tu kwamba sinunui.

Tukajaribu kutwanga kwenye kinu. Zikatoka nyuzi kama za mkonge. Nikajaribu kukatakata kwa kisu, vipande vikatoka vikubwa kwa vidogo, kwa sababu mpini wa kile kisu ni mbovu. Mama Hawa akasema ni mkono wangu unaotetemeka. Ni mpini.

Hawa aliposikia akapiga simu, akasema ipo mashine ya umeme ya kusagia nyama, ya kukaa mezani, atainunua aitume kwa basi. Nikamwambia asithubutu. Mashine hainunuliwi na mtu asiyejua mashine. Mimi nimetia girisi ekseli za mabehewa tangu ndevu hazijaota mpaka nilipostaafu. Behewa lililopita mikononi mwangu halikuunguza beringi kati ya hapa na Dodoma. Mashine ndogo ya jikoni itanidanganya nini?

Jumatano nikapanda basi kwenda Mikumi. Nikachukua bisibisi yangu ndefu, na kindoo chenye mfuniko. Ndani ya kindoo nimeweka nyama ya ugoko, ile yenye mishipa inayoweza kufungia mbuzi. Kondakta akauliza nimebeba nini kinachonuka damu. Nikamwambia mtihani.

Duka lenyewe liko kando ya barabara kuu, malori ya Zambia yakipita vyombo vyote rafuni vinatetemeka. Hawa alinisindikiza. Muuzaji ni kijana mwenye kofia, mchangamfu mno, na mimi mtu mchangamfu mno humwangalia mara mbili.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Toa mashine za kusaga nyama."

Akatoa mbili. Moja nyeupe, ya plastiki, nyepesi kama kapu. Nyingine ya chuma, ndogo lakini nilipoiinua mgongo ulijua.

"Hii nyeupe ndiyo wanayochukua wengi, babu. Ina wati nyingi, ona hapa kwenye boksi."

"Boksi linasaga nyama?"

"Hapana, babu."

"Basi liweke pembeni."

Nikamwambia awashe ile nyeupe. Nikaweka ncha ya bisibisi kwenye ubavu wa mashine, mpini nikauweka sikioni. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukisikiliza beringi, chuma husema ukweli wake kupitia chuma. Madereva wawili waliokuja kununua chaja wakasimama kutazama.

"Babu, unaipima presha?"

"Naipima uongo," nikawajibu.

Ile nyeupe ilikuwa na sauti ya mtu anayetafuna karanga mdomo wazi. Giya za plastiki hizo, hata kama boksi limeandikwa maneno gani. Ile ya chuma ilinguruma chini chini, sawasawa, kama injini inayopanda mlima bila kulalamika. Nikafungua kindoo.

Kijana akaruka. "Babu! Huwezi kutia nyama kwenye mashine ambayo hujainunua!"

"Viatu huwa unajaribu baada ya kulipa?"

"Viatu vikijaribiwa havioshwi kwa sabuni, babu!"

"Baba, tunaaibika," Hawa akaninong'oneza huku anavuta shati langu. Lakini binti yangu ana damu yangu. Akamgeukia yule kijana, akamwambia itakayoharibika ataichukua yeye. Hapo kijana akakubali, na madereva wakasogea karibu.

Ile nyeupe ilikula kipande cha kwanza. Cha pili mshipa ukajizungusha kwenye kisu, mashine ikalia, ikanuka kuungua, ikazima. Ile ya chuma nayo ilikwama, sisemi uongo. Lakini ina kitufe cha kuirudisha nyuma. Nikakibonyeza, ikautema mshipa, nikaiachia tena, ikapitisha ugoko wote. Madereva walipiga makofi. Mmoja akasema babu huyu angefaa kukagua malori. Nikamwambia lori lake beringi ya tairi la nyuma kushoto haiko sawa, nimeisikia lilipoingia. Akaacha kucheka, akatoka kwenda kutazama.

Hawa akalipa ya chuma. Ile nyeupe ilipopoa iliwaka tena, kijana akairudisha kwenye boksi lake, na nimewaonya watu wa Mikumi.

Kijana akatusafishia mashine, akanipa na karatasi ya maelezo. "Babu, isome kabla ya kutumia." Nikaitazama kwenye basi. Maandishi ya Kichina, maandishi ya Kiingereza, na picha za mikono ya mtu asiye na kichwa anachomeka vitu. Sikuona jipya. Nikaikunja nikafutia mfuniko wa kindoo.

Alhamisi asubuhi nikaenda bucha kwa Shomari.

Shomari ni mtu mzima, ana wajukuu, ila kwangu ni mtoto kwa sababu nilimjua akiwa anabebwa. Nimenunua nyama kwake miaka mingi. Hiyo haina maana kwamba nilikuwa namwamini. Asubuhi hiyo nilimkuta anapokea nyama iliyoletwa na bodaboda, paja zima limefungwa kwenye turubai, na kando yake, kamba hiyo hiyo, limefungwa dumu la dizeli. Nikaona. Nikaweka akilini.

Akanikatia steki nzuri, akaniambia nimsalimie mama. Alikata haraka mno, nikaona kama anataka niondoke.

Nyumbani Mama Hawa hakuwepo, alikwenda msibani mtaa wa pili. Nikaiweka mashine mezani, nikaiwasha tupu niisikie. Ikalia. Kwiii. Chuma kwa chuma.

Yeyote aliyefanya kazi karakana anajua, chuma kinacholia kinaomba. Na hii ilikuwa imeoshwa kwa sabuni pale dukani, ikakauka kabisa. Nikaifungua. Ile skrubu nene inayosukuma nyama, kavu. Mahali inapoingia kwenye mota, pakavu. Kisu kile cha ncha nne, kikavu. Nikastaajabu kwamba watu wanauza mashine namna hii.

Nina kopo langu la girisi, nilitoka nalo kazini, bado zuri. Nikatia. Sikutia ovyo kama wanavyotia vijana, nilitia kwa kidole, safu nyembamba, kila mzunguko wa skrubu, kwenye shingo, nyuma ya kisu, halafu nikafuta iliyozidi kwa tambara. Nikaifunga, nikaiwasha. Kimya. Inazunguka kama maji. Ningekuwa na bwana stesheni mmoja aliyebaki ningemwita aje aone.

Nikakata steki vipande virefu, nikasaga. Nyama ikatoka kwenye matundu inajikunja vizuri kabisa. Ilikuwa na michirizi ya kijivu, nikasema hiyo ni damu ya jana. Paka wa jirani akaja mbio, akanusa, akageuka akaondoka.

Hilo nalo nikaliweka akilini. Nyama ambayo paka ameikataa!

Mama Hawa aliporudi akafurahi, ingawa yeye furaha yake haina kelele. Akakata kitunguu, akasaga tangawizi, akafinyanga vidonge vidogo vidogo, akavitia kwenye mchuzi wa nyanya. Akavaa kanga safi kabisa kuja kula. Akapuliza, akatia kidonge kimoja mdomoni.

Akaacha kutafuna. Akakitoa taratibu kiganjani.

"Baba Hawa, nyama hii imelala na dizeli."

Akafunika bakuli, akaenda kukoroga uji.

Angelalamika ningevumilia. Hakulalamika. Alikaa na kikombe chake cha uji akaangalia uani, na mimi nikaonja ile nyama, na kweli ilikuwa na ladha ya mafuta ya mitambo. Na dumu la dizeli nililiona kwa macho yangu mwenyewe, limefungwa na paja kamba moja. Nani angesubiri ushahidi zaidi?

Nikavaa kofia, nikabeba bakuli.

Soko lilikuwa limejaa. Shomari aliponiona akafuta mikono, akasema kama kawaida yake, "Mzee Masudi, shikamoo."

Sikuitikia.

Hapa kwetu mzee akisalimiwa mbele za watu asiitikie, wenye vikapu huviweka chini. Walikuja wauza nyanya, wakaja bodaboda, akaja na mama mmoja anayemwoza binti yake wiki hii, ambaye alikuwa ameagiza kwa Shomari nyama yote ya shughuli.

"Shomari, tangu lini unauza ng'ombe anayekunywa dizeli?"

"Mzee wangu, sijakuelewa."

"Nusa."

Akanusa. Niseme haki, hakukataa. Uso ulimbadilika. "Kweli inanuka, mzee. Lakini haikutoka hapa ikiwa hivi."

"Ilipita kituo cha mafuta njiani?"

Watu wakacheka. Nilipendezwa walipocheka. Nikawaeleza habari ya dumu, nikawaeleza habari ya paka, nikalizungusha bakuli kila mtu anuse. Mmoja akasema sasa anaelewa kwa nini tumbo lilimuuma mwezi uliopita. Mwingine akasema hata supu ya Jumapili ilikuwa na harufu. Yule mama wa harusi akamwambia Shomari pale pale, "Baba, ile oda yangu iache, nitaangalia kwingine." Na mtu akampigia simu bwana afya, akajibu atafika asubuhi, na akikuta mambo yako hivyo bucha itafungwa.

Shomari hakugombana. Alisema mara moja tu, "Mzee Masudi, umenijua tangu nabebwa." Halafu akashusha nusu ya mlango, akakaa kwenye kile kiti cha wateja.

Mimi nikarudi nyumbani kifua mbele.

Alasiri hiyo jua lilikuwa bado lipo. Mama Hawa akaamua kuisafisha mashine, kwa sababu Hawa alimwambia kwenye simu kwamba ukipitisha kitu chenye wanga, kama mkate au muhogo wa kuchemsha, kinabeba mafuta yaliyogandia ndani. Akachemsha muhogo. Akautia. Nilikuwa nimekaa kizingitini namsimulia nilivyomshinda Shomari.

Akazima mashine. "Baba Hawa, njoo."

Muhogo ulikuwa unatoka na michirizi ya kijivu. Mingine myeusi.

"Na muhogo nao umetoka buchani kwa Shomari?" akaniuliza.

Nikamwambia labda ni muhogo mbaya.

"Nimeuchimba mwenyewe nyuma ya banda la kuku."

Akaifungua mashine, akaitoa ile skrubu, akapitisha kidole, akakinusa. Akakinusa tena. Akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

"Umepaka nini humu?"

"Girisi."

"Girisi gani?"

"Ya mabehewa. Nzuri ile, haiyeyuki hata..."

"Harufu hii naijua. Nimeifua kwenye mashati yako maisha yangu yote ya ndoa. Leo ndiyo umenilisha."

Nilijitetea. Nilisema mashine ilikuwa inalia. Nilisema hakuna mtu aliyeniambia kwamba skrubu hii inalainishwa na nyama yenyewe na mafuta kidogo ya kupikia. Nilisema yule kijana wa Mikumi alipaswa kunikumbusha, na Wachina wangeweza kuchora picha ya kopo la girisi wakaliwekea alama ya kukataza. Yote hayo ni kweli na mpaka leo nayasimamia.

Mama Hawa akaniacha nimalize.

"Na mtoto wa watu je?" akasema. Akaingia ndani.

Sifichi, nilikaa pale nikatafuta njia ya kunyamaza. Nikasema bwana afya atakuja, hataona kitu, yataisha. Lakini hakuna bucha isiyokuwa na nzi, na mtu aliyeitwa kutafuta kosa hataki kuondoka mikono mitupu. Nikasema nitanunua nyama bucha nyingine, sitapita tena pale. Lakini maneno niliyoyamwaga sokoni hayangehama pamoja na mimi. Watu waliyaamini kwa sababu nimeyasema mimi, mzee asiyeamini kitu. Wangesema kama Masudi ameridhika kwamba ni dizeli, basi ni dizeli.

Sifa yangu ndiyo iliyomfunga Shomari. Hilo lilinikaa vibaya kifuani.

Ijumaa asubuhi nikaiosha mashine, vile vipande vinavyofunguka tu, mota nilifuta kwa kitambaa. Maji ya moto, sabuni, majivu, tena maji ya moto. Mama Hawa akapitisha muhogo, tukaosha, akapitisha tena, mpaka ukatoka mweupe. Hakunisemesha wakati wote huo, ila alinishikia beseni. Nikapakata mashine kwenye bodaboda, nikaenda.

Bwana afya wa siku hizi ni binti mwenye koti jeupe. Alikuwa ameshafika, anakagua ndoano na meza. Watu walikuwepo, ila si wengi kama Alhamisi. Binti akanipa shikamoo, nikaitikia. Shomari alinitazama, akatazama mashine, akarudisha macho kwenye kisu chake. Hakunisalimia. Mtu ambaye hajawahi kunipita bila shikamoo tangu alipoanza kusema.

Nikasema kwa sauti, kwa sababu Alhamisi nilisema kwa sauti. Nikasema nyama ya Shomari ilikuwa safi. Nikasema harufu ile ni girisi, na girisi ni yangu, na aliyeitia ni mimi kwa kidole hiki, na dumu la dizeli lilikuwa dumu tu, limefungwa vizuri na halikuvuja.

Wakatazamana. Halafu wakaanza kunitania.

"Babu, ulitaka kababu ipande reli?"

"Ndiyo maana treni zilikuwa zinachelewa, girisi yote iko jikoni kwake!"

"Mama Hawa akikohoa si atatoa filimbi!"

Nimepigwa na jua la stesheni ya Gulwe, nimeangukiwa na kipande cha reli mguuni, lakini siku ile ndipo nilipojua kusimama. Nilisimama mpaka wakachoka. Hilo la treni kuchelewa ni uongo, narudia, mabehewa yangu hayakuchelewa.

Nikamwomba Shomari anikatie steki pale pale na aniruhusu kutumia soketi yake. Alikata bila kunitazama. Nikasaga mbele ya yule binti, akanusa, akasugua kati ya vidole, akasema hii haina shida. Akamwambia Shomari dumu na nyama visipande pikipiki moja hata kama halivuji, hilo alilisema, na mimi nikakohoa kidogo. Akaondoka bila kufunga kitu.

Nilidhani yamekwisha. Nikampa Shomari mkono.

Akaushika. Akasema pole pole, "Nashukuru, mzee. Lakini jana walisikia soko zima. Leo wamesikia hawa. Na mama wa harusi ameshalipa kwingine."

Nikapakata mashine yangu, nikarudi nyumbani. 

Ndiyo maana naandika. Wale ambao hawakuwepo jana asubuhi, na najua mnasoma humu, mkimtaja Shomari na dizeli mnataja kosa langu. Acheni. Nendeni mkanunue. Mkitaka kuniita Babu Girisi niiteni, nimeshaisikia, haiui.

Na kwa wenye mashine hizi au wanaotaka kununua, sikilizeni mtu aliyelipia elimu. Chagueni nzito, yenye giya za chuma na kitufe cha kurudisha nyuma. Nyama iwe ya baridi, imeondolewa mishipa, imekatwa virefu. Msiisukume kwa kidole, ule mchi wa plastiki una kazi yake. Msiiendeshe tupu, ndipo inapolia. Ikilia, tone la mafuta ya kupikia linatosha. Sijasema girisi ni mbaya. Girisi ni nzuri sana. Niliipeleka mahali ambapo haikuitwa.

Jana mchana Mama Hawa alipika tena. Alinusa kwanza, muda mrefu, kama mimi ninavyonusa vitu. Akala kimoja. Akala kingine. Alipofika katikati ya bakuli akaniambia chumvi haikutosha, nikajua amepona.

Asiyeamini haya, na mimi sitamlaumu kwa kutoamini, aulize. Mama Hawa yupo, na tambara lenye girisi amekataza lisitupwe. Hawa yupo Mikumi, atawaeleza habari za dukani, asizidishe. Binti wa koti jeupe ni shahidi wa Ijumaa. Na Shomari mwenyewe yupo pale pale, bucha iko wazi tangu asubuhi. Mizani yake bado sijaiamini, hilo ni jambo lingine, lakini nyama yake naisimamia mimi, Masudi Kasanda.